Mgeni Njoo, Nani Apone? Historia ya Maoni ya Wasomaji kuhusu Masimulizi ya Safari na Uponyaji

Utangulizi

Mwalimu yeyote ambaye amewahi kusahihisha majibu ya fasihi anaifahamu sentensi hii: "Safari ilimponya mhusika." Hujitokeza katika insha za Kidato cha Tatu na cha Nne kila kunapotajwa mhusika aliyeondoka kwao akiwa na majonzi na kufika kwingine. Mtahiniwa huiandika kana kwamba ni ukweli usiohitaji ushahidi, kisha akasonga mbele kwenye hoja ya pili. Wapo walimu wanaoipa alama kamili. Wapo pia wanaoikata bila kueleza ni kwa nini.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kauli hiyo ina historia. Wazo kwamba mtu aliyejeruhiwa moyoni hupata nafuu kwa kusafiri na kupambana na mikasa ya njiani halikuzaliwa darasani. Lilikuja kwetu pamoja na aina fulani ya vitabu na aina fulani ya wasomaji. Aidha, tutaona kwamba masimulizi ya safari yaliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hayakuwa yakitoa ahadi hiyo, na kwamba wasomaji wa Kisii na Nyamira wana sababu zao za kuipokea au kuikataa.

Tutaongozwa na methali moja ambayo wanafunzi wetu huikariri bila kuitafakari: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika methali hii anayesafiri ni mgeni, lakini anayepona ni mwenyeji. Kwa kawaida tunaifasiri kwa wepesi, kwamba siku ya mgeni kuku huchinjwa na watoto wa nyumba hiyo nao hula wakashiba. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali hii inatuachia swali zito la uhakiki: katika kila simulizi la safari, ni nani hasa aliyepona?

Msomaji na matarajio yake

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, Hans Robert Jauss alitoa mhadhara uliochangia pakubwa kuasisi nadharia ya upokezi. Kwa muhtasari, alishikilia kwamba kazi ya fasihi haina maana moja iliyofungiwa ndani yake daima. Kila kizazi cha wasomaji huiendea kazi kikiwa na upeo wake wa matarajio, yaani mambo ambayo kimezoea kuyatarajia kutokana na vitabu vingine na maisha yake. Matarajio yanapobadilika, maoni kuhusu kitabu kilekile hubadilika pia.

Nadharia hii inatufaa kwa sababu inatukataza kufanya makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba maoni ya msomaji ni upuuzi usiohusiana na matini. La pili ni kudhani kwamba kila maoni ni sawa na mengine. Maoni ya msomaji ni jambo linaloweza kuelezwa, kupimwa na kushuhudiwa. Ndiyo maana tunaweza kuyaandikia historia.

Ahadi ya uponyaji ilikotoka

Mfano mashuhuri wa mtu aliyekimbilia safari ili apone ni Theodore Roosevelt wa Marekani. Tarehe 14 Februari 1884 alifiwa na mkewe na mamake siku moja, katika nyumba moja. Muda mfupi baadaye alikwenda kuishi katika mbuga za Dakota, akafuga ng'ombe na kuwinda. Wasomaji wa Marekani wamekuwa wakilisimulia tukio hilo kama kielelezo cha mwanamume aliyeponywa na nyika.

Mtu huyohuyo alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909, mara tu baada ya kumaliza muhula wake wa urais. Kitabu alichoandika kuhusu uwindaji huo, African Game Trails, kilitoka mwaka 1910. Ndani yake anaeleza alivyovuka nchi kame hadi nyanda alizoziita Sotik. Jina hilo si geni kwa mkazi wa Nyamira, ambaye akitoka Borabu huvuka mpaka na kuingia Sotik ya leo. Msafara wa Roosevelt ulibebewa mizigo na wapagazi wapatao 200. Wasomaji wake wa New York na London walimwona yeye akipata nguvu mpya. Wapagazi hawakuandika kitabu, na hivyo hatuna simulizi lao la kulinganisha na lake.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi. Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri kutoka Mombasa hadi Uganda na kuteremka Mto Nile mwaka 1907. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa mwaka 1908. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya G.A.S. Northcote katika nchi ya Abagusii. Simulizi za wazee humtaja Moraa, mwanamke nabii, kuwa ndiye aliyewatia vijana ari ya kupinga utawala wa kigeni. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kutuma jeshi la kuadhibu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa na mifugo ikatekwa. Habari zilipofika London kwa simu ya maandishi, Churchill mwenyewe aliandika kulalamikia ukubwa wa mauaji hayo.

Hebu tutafakari jambo hili. Katika mwaka mmoja, mtu mmoja alitoa kitabu cha safari cha kufurahisha wasomaji na kupokea taarifa za mauaji ya Kisii. Si kwamba kitabu hicho ni cha uongo. Hoja ni kwamba msomaji wa Uingereza aliyekishika mkononi alitarajia burudani, mandhari na ushujaa. Upeo wake wa matarajio haukuwa na nafasi ya kuuliza mwenyeji alipatwa na nini baada ya wageni kuingia nchini mwake. Kwa upande wa Abagusii, mgeni alikuja na mwenyeji hakupona.

Wasafiri Waswahili na habari zao

Tukigeukia maandishi ya Kiswahili, tunakuta hali tofauti. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyiko ulioitwa Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa waandishi wake ni Sleman bin Mwenye Tshande aliyesimulia safari ya bara, Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyesimulia safari ya Udoe hadi Uzigua, na Selim bin Abakari aliyesimulia safari ya Nyasa na pia safari ya Urusi na Siberia. Huyu wa mwisho alisafiri akiwa mtumishi wa Mjerumani. Alisimulia baridi na watu wa nchi za mbali kwa jicho la Mswahili anayewatazama Wazungu na kuwashangaa, badala ya kutazamwa na kushangaliwa nao.

Wasomaji wa kwanza wa masimulizi hayo walikuwa nani? Walikuwa Wajerumani waliojifunza Kiswahili kabla ya kuja kutawala au kuhubiri Afrika Mashariki. Walitaka lugha safi na habari za nchi. Waandishi nao waliwapa walichotaka: majina ya vituo, bei za bidhaa, hongo walizotozwa na watemi, vyakula, mavazi na desturi. Hakuna anayesema kwamba aliondoka akiwa amevunjika moyo na kurudi akiwa mzima. Katika masimulizi haya safari ni kazi. Msafiri mwema ni yule anayerudi na habari ya kweli.

Hali kadhalika kwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na simulizi hilo likachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni simulizi refu la misafara, biashara ya pembe na vita. Nafsi ya kwanza ipo kila mahali, lakini moyo wa msimulizi hautajwi sana. Msomaji wa leo akitafuta humo majuto au nafuu ataambulia patupu. Tena akiuliza kuhusu mwenyeji, yaani watu wa bara ambao misafara hiyo iliwapitia na kuwachukua utumwani, atagundua kwamba kimya cha matini kuhusu maumivu yao ni sehemu ya maana yake.

Maoni kuhusu Safari za Wasuaheli yalibadilika kadiri wasomaji walivyobadilika. Mwaka 1965 Lyndon Harries alichapisha tafsiri za Kiingereza za baadhi ya masimulizi hayo pamoja na matini ya Kiswahili, akiyachukua kama vielelezo vya nathari. Mwaka 1992 Thomas Geider alichapisha makala kuhusu masimulizi ya mapema ya safari katika Kiswahili, akiyatazama kama utanzu unaostahili uhakiki wa kifasihi. Matini ilikuwa ileile. Kwa Velten ilikuwa kitabu cha mafunzo ya lugha, na kwa wahakiki wa baadaye ikawa fasihi.

Maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanatupa onyo dhidi ya kuamini kwamba kusafiri humfungulia mtu milango. Alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, akaandika habari za desturi za Waswahili zilizotoka mwaka 1903, na akaoa mwanamke Mjerumani. Alipojaribu kurudi Afrika Mashariki pamoja na mkewe, wakuu wa koloni walikataa wenzi hao washuke Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani na kufariki huko mwaka 1927. Kwake yeye safari ilikuwa imefungua jeraha jipya, na sababu ni kwamba wenyeji wa pande zote mbili walikuwa chini ya sheria za watu walioamua nani apokewe na nani afukuzwe.

Kayamba na Shaaban Robert

Mwaka 1931 Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, alikwenda London pamoja na wajumbe wengine kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge iliyochunguza mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata alitoa kitabu Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina lenyewe linajieleza. Anatumia nafsi ya kwanza wingi, na vitenzi vyake ni kuona na kufanya. Msomaji aliyelengwa ni Mwafrika aliyesoma shule za misheni, na alitarajiwa kupata elimu na mfano wa kuiga.

Wasomaji wa baada ya uhuru hawakumpokea kwa namna hiyo. Walipomsoma walitaka kujua kama alikuwa msemaji wa Waafrika au wa serikali iliyomwajiri. Mwanahistoria John Iliffe alimwandikia makala mwaka 1973 akimwita msemaji, neno linalobeba utata huohuo. Kwa hivyo kitabu kilichopendwa kwa sababu ya mafunzo yake kikaja kupimwa kwa kigezo cha siasa.

Kwa Shaaban Robert tunakaribia jeraha la moyo. Katika Maisha Yangu anasimulia uhamisho wa kikazi uliomtoa pwani na kumpeleka Mpwapwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Anasimulia pia kufiwa na mkewe Amina. Vitu vyote viwili vipo, safari na msiba, na msomaji aliyezoea vitabu vya uponyaji angependa kuviunganisha. Lakini mwandishi hakusafiri ili apate nafuu. Alisafiri kwa amri ya kazi. Kinachomtuliza katika maandishi yake ni subira, imani, watoto wake na kalamu. Mtahiniwa anayeandika kwamba safari ya Mpwapwa ilimponya mwandishi huyu anaingiza matarajio yake mahali ambapo matini imesema jambo jingine.

Siku Njema na kizazi kipya cha wasomaji

Badiliko kubwa linaonekana katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na kuwa riwaya teule ya KCSE kwa miaka kadhaa. Hii si tawasifu bali riwaya, ingawa imesimuliwa katika nafsi ya kwanza na kwa sauti ya karibu kiasi kwamba wanafunzi huuliza kama mwandishi anajisimulia mwenyewe. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame, anafiwa na mamake huko Tanga, anapitia mateso, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari yake inaishia upande wa Kitale.

Hapa, tofauti na Selim au Kayamba, msafiri anatafuta kitu kilichopungua ndani yake. Pana jeraha linalotajwa na pana utafutaji wa tiba. Ndipo sentensi "safari ilimponya mhusika" ilipopata mizizi katika madarasa yetu, na hatuwezi kusema kwamba kwa riwaya hii ni kosa. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba barabara yenyewe haimfanyii Kongowea hisani yoyote. Humchosha na kumtia hatarini. Kinachomwinua ni watu waliompokea, elimu aliyoishikilia na asili yake aliyoijua hatimaye.

Walibora alirudia suala la kumbukumbu ya nyumbani katika tawasifu yake Nasikia Sauti ya Mama, iliyotoka mwaka 2014. Alifariki mwezi wa Aprili 2020 mjini Nairobi. Tangu hapo wasomaji wengi wanamrudia wakiwa na huzuni yao wenyewe, na hilo nalo limebadilisha jinsi vitabu vyake vinavyosomwa.

Wasomaji wa Kisii na Nyamira

Sasa tuje nyumbani. Msomaji wa eneo hili huleta nini kitabuni?

Kwanza, huleta simulizi za asili ya Abagusii. Wazee husimulia safari ndefu iliyopita Mlima Elgon, ufuo wa Ziwa Victoria na nyanda za Kano hadi Kabianga, katika nchi ya Kericho ya leo. Huko baridi ilikuwa kali, mifugo ikafa na mazao yakakataa kumea. Kulingana na simulizi hizo, jina Kabianga latokana na neno la Ekegusii la kukataa, kwa kuwa mambo yote yalikataa. Mwanahistoria William Ochieng' alizichambua simulizi za aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Katika kumbukumbu hiyo safari haiponyi. Watu husafiri kwa sababu mahali walipo pamewakataa, na hupona wanapopata ardhi inayowakubali.

Pili, huleta wazo kwamba uponyaji ni kazi ya mtu fulani. Abagusii wamejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa ajili ya omobari omotwe, bingwa wa kienyeji aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fupa la fuvu ili kutuliza maumivu yaliyotokana na jeraha. Mgonjwa alisafiri kumwendea, lakini hakuna aliyesema kwamba njia ndiyo iliyomtibu.

Tatu, huleta historia ya karibu ambayo haijapoa. Katika miaka ya 1960 familia nyingi zilipata mashamba katika mipango ya makazi ya Borabu, na wengine wengi walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Mwaka 1992 mapigano yalizuka katika mpaka wa Borabu na Sotik. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Chebilat lililoko mpakani lilichomwa, na familia zilizokuwa Kericho na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zikarudi Kisii na Nyamira zikiwa zimebeba zilichoweza kubeba. Watoto wa familia hizo wameketi katika madarasa yetu.

Nilipofundisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa kati ya mwaka 2018 na 2022, maoni ya wanafunzi kuhusu safari yaligawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisema kwamba kuhama humpa mhusika mwanzo mpya. Kundi la pili lilikataa katakata, likisema kwamba mtu aliyefukuzwa hajasafiri, amefukuzwa, na kwamba kuuita mkasa huo safari ya uponyaji ni kumdhihaki. Kundi la tatu lilisema kwamba uponyaji upo lakini hauko njiani. Baadhi ya waliozungumza kwa ukali katika kundi la pili walikuwa wamesikia habari za 2008 jikoni kwao kabla ya kuzisoma kitabuni.

Ndugu mwalimu, hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Tukimwambia mwanafunzi huyo kwamba jibu sahihi ni "safari huponya", tunamfundisha kwamba anayoyajua hayana nafasi katika fasihi. Tukimwambia kwamba kila maoni ni sahihi, tunamnyima stadi ya kuthibitisha. Inabidi turudi kwenye matini pamoja naye.

Chozi la Heri katika mizani ya methali

Matini inasema nini? Daktari Ridhaa anapoteza nyumba na jamaa zake kwa moto na kujikuta kambini. Mwanawe Mwangeka, aliyekuwa ughaibuni wakati huo, anampoteza mkewe Lily na mtoto wao Becky katika mkasa huohuo. Anaporudi hapokewi na nyumba aliyoiacha bali na majivu. Safari ya Ridhaa kwenda kambini haimpi nafuu, wala safari ya Mwangeka ya kurudi haimpi. Kufikia hapo kundi la pili la wanafunzi wangu lina ushahidi wote.

Lakini riwaya haiishii hapo. Umulkheri, binti aliyetengana na ndugu zake na kuachwa bila wazazi, anapata makao kwa Mwangeka na mkewe mpya Apondi. Ndugu yake Mwaliko anachukuliwa na Mwangemi na Neema, ambao walikuwa wamempoteza mtoto wao. Mwishowe Umulkheri, Dick na Mwaliko wanakutana tena. Tukitazama kwa makini, waliofungua milango yao ni watu waliokuwa na majeraha yao. Mwangeka aliyefiwa na binti anakuwa baba tena. Neema na Mwangemi waliobaki na kitanda kitupu wanapata mwana.

Mgeni amekuja, mwenyeji amepona. Na kwa kuwa mwenyeji amepona, mgeni naye amepata pa kupumzika. Methali iliyoonekana ya mzaha wa kuku wa mgeni imekuwa muhtasari wa riwaya nzima. Kundi la tatu la wanafunzi, lililosema kwamba uponyaji hauko njiani, ndilo lililoikaribia zaidi matini, ingawa lisingefika hapo bila ukali wa kundi la pili.

Ushauri kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na historia hii tunaweza kupendekeza maswali manne ya kumwongoza msomaji wa simulizi lolote la safari, liwe tawasifu au riwaya.

Kwanza, msafiri ameondoka kwa hiari, kwa amri au kwa kufukuzwa? Roosevelt aliamua, Shaaban Robert alihamishwa, Ridhaa alifukuzwa. Neno safari haliwezi kubeba maana moja kwa wote watatu.

Pili, jeraha limetajwa wapi katika matini? Pasipo jeraha lililoonyeshwa, uponyaji ni dhana ya msomaji peke yake.

Tatu, nini hasa kimeleta nafuu: njia yenyewe, kazi, elimu, imani, au watu waliompokea msafiri? Mtahiniwa ataje tukio mahususi.

Nne, mwenyeji alipatwa na nini? Swali hili litatusaidia kusoma hata vitabu vya kale ambavyo vimemsahau mwenyeji.

Kwa kutumia maswali haya, mtahiniwa anaweza kuigeuza ile sentensi tupu kuwa hoja yenye mashiko. Kwa mfano: "Kurudi kwa Mwangeka nyumbani hakumponyi, kwa kuwa anakuta jamaa zake wameteketea. Nafuu yake inaonekana anapompokea Umulkheri kama mwanawe, jambo linalothibitisha kwamba katika riwaya hii uponyaji hutokana na kupokeana." Aya kama hiyo ina dai, ushahidi na ufafanuzi. Inaonyesha pia kwamba mwandishi wake amesoma kitabu chenyewe badala ya muhtasari.

Huenda mtu akapinga kwamba mtazamo huu unamnyima msomaji furaha ya safari. Sivyo. Waswahili husema tembea uone, na Kongowea asingeijua asili yake kama angebaki Tanga. Kuona ni faida halisi ya safari, na masimulizi ya Selim bin Abakari yangali yanapendeza kwa sababu aliona mengi. Tunachosema ni kwamba kuona na kupona ni vitenzi viwili tofauti, na mtahini anastahili kuonyeshwa ni kipi kimetendeka.

Hitimisho

Kwa zaidi ya miaka mia moja, wasomaji wamekuwa wakiyaendea masimulizi ya safari wakiwa na matarajio mbalimbali. Wajerumani wa Berlin walitaka lugha na habari. Wasomaji wa London na New York walitaka ushujaa na nguvu mpya. Wasomaji wa Kayamba walitaka mafunzo, kisha warithi wao wakataka msimamo wa kisiasa. Kizazi cha Siku Njema kilitaka nafsi iliyopotea ipatikane. Wasomaji wa Kisii na Nyamira, ambao wengine wao wamehama bila kutaka, wana haki ya kuuliza kama barabara iliyowafukuza inaweza kuitwa dawa.

Ni jukumu letu walimu kuyasikiliza maoni hayo kwanza, kisha kuyapeleka kwenye matini yakapimwe. Mwanafunzi akikataa kwamba safari ya mkimbizi ni uponyaji, tusimkate alama kabla ya kumwomba ushahidi. Akiuleta, apewe alama zake zote.

Maswali ya kujadili darasani

1. "Uponyaji katika Chozi la Heri hautokani na safari bali na makaribisho." Thibitisha kwa kurejelea wahusika wowote watatu.

2. Linganisha msimulizi wa nafsi ya kwanza katika Siku Njema na msafiri yeyote wa simulizi la kweli unalolijua. Kila mmoja anatafuta nini, na anakipata wapi?

3. Muulize mzee mmoja wa kwenu akusimulie jinsi familia yenu ilivyofika mahali mnapoishi. Andika simulizi hilo kwa ukurasa mmoja, kisha uonyeshe ni nani aliyekuwa mgeni, ni nani aliyekuwa mwenyeji, na kila mmoja wao alipata au kupoteza nini.